Jeff Tolliver, Mchoraji Aliyeanza na Mikono

Ijumaa ya tarehe 27 Juni, Jeff Tolliver anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuchorea vitabu vya watoto hapa Woolwich. Alitoka Ohio, Marekani, akiwa na jina tayari, majarida ya kwao yakimgombania. Alikuja London kwa likizo ya wiki mbili, na likizo yenyewe hajaimaliza.

Michoro yake huitambui kwa sahihi. Utaona mstari mwembamba wa wino, rangi za maji zilizofifia kidogo, na watu wenye mikono mikubwa. Jeff anaamini uso hudanganya, mkono hausemi uongo. Kwa hiyo huanza na mikono, tena huuiga mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipoponzeka. Mkono wa kulia ulishika kalamu, basi wa kuigwa ukawa wa kushoto. Katika kitabu chake cha kwanza kwetu, cha harusi ya Kipemba, wageni wote walikula biriani kwa mkono wa kushoto, na kitabu kilikwisha chapwa. Bi Nusra, mhariri wetu, mzaliwa wa Wete, alisema waziwazi kwamba asiyejua watu wanavyokula hafai kuwachora. Wakubwa wakakubaliana naye.

Jeff hakubisha. Aliomba muda, kisha akamwomba Bi Nusra amkaribishe chakula. Alikwenda kila Jumapili kwa miezi kadhaa, akakaa mkekani, akamwaga wali hadi watoto wakamhurumia. Halafu akakichora kitabu chote upya. Toleo hilo ndilo walilokulia wanetu, hawa wanaotujibu kwa Kiingereza, na hadi leo wanazijua kurasa zake zote.

Kiswahili chake, tuseme ukweli, hakijapata dawa.

Mwaka jana Bi Nusra alimwomba kazi moja isiyo ya ofisi. Mama yake alifariki Pemba bila kuacha hata picha. Alimweleza Jeff alivyokuwa, naye akachora, akafuta, akachora tena. Alipoonyeshwa karatasi, Bi Nusra aliishika kwa mikono miwili, akasema taratibu, “Shikamoo, mama.”

Ahsante, Jeff. Mwenda kwao si mtumwa, hatukuzuii. Mungu akupe afya na siku njema nyingi. Ohio wamepata, sisi tumepungukiwa.