Vidonge Hamsini vya Mke wa Spoku

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili ya mbao yaliyoegemea ukuta wa duka la vitambaa lililofungwa zamani, na katikati yake kuna birika la kahawa la Mama Birika juu ya jiko la mkaa. Ng'ambo ya barabara ndipo lilipo duka la dawa, lile kubwa, lenye milango ya vioo inayofunguka yenyewe ukiikaribia. Ukarimu wao unaishia hapo mlangoni. Ndani kuna madirisha matatu, viti tisa na watu wa kujaza uwanja, ndiyo maana mlinzi hutoka kila mara kutangaza namba, wa nje nao wasikie. Wenye namba za mbali huvuka barabara wakangojee kijiweni, na kijiweni hakuna anayengoja kimya. Ukifika hapo na jino linauma, utaondoka na jino lako vilevile, na sababu tatu za kwa nini linauma.

Siku hiyo, Ijumaa, Spoku fundi baiskeli alifika saa kumi na mbili asubuhi akapewa namba sabini na moja. Ilikuwa safari yake ya tano tangu Jumamosi. Mkewe ana kifafa. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kwa miaka sita alikuwa hajakosa hata kimoja, na kwa miaka hiyo sita hajaanguka. Mara ya mwisho alipokosa aliangukia motoni, jikoni, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havinyooki mpaka leo. Kidonge cha mwisho alikimeza jana asubuhi. Spoku alikuwa anahesabu saa bila kutaka.

— Hebu nieleze tena taratibu, Mama Birika alimwambia huku akimmiminia. Maana naona kama hadithi ya sungura, kila siku ina mwisho mwingine.

— Mwisho haina, mama. Jumamosi nilipeleka cheti cha daktari, dirisha la kwanza. Vidonge sitini. Wakanipa kumi, wakasema vingine vitafika Jumanne, na cheti wakabaki nacho.

— Wabaki nacho cha nini?

— Ndio utaratibu wao. Dawa isipokamilika, cheti kinalala kwao. Jumanne nikaja, mtandao umekatika. Jumatano mtandao upo, mfamasia wa kusaini yuko kikaoni. Jana mfamasia amesaini, lakini mwenye funguo za kabati ameenda kula. Nikangoja mpaka wakafunga duka.

— Anakula mpaka jioni?

— Labda alikuwa na njaa ya siku nyingi.

— Si ungeenda duka lingine, mwanangu?

— Bila cheti? Dawa hii haiuzwi bila cheti. Na daktari aliyekiandika anakuja kliniki Jumatatu kwa Jumatatu.

Mama Birika aliguna. Yeye na Spoku wanakaa nyumba moja, ile ya vyumba sita nyuma ya soko, na mke wa Spoku ndiye anayemsaidia kuosha vikombe kila jioni. Habari hii haikuwa ya mtu baki kwake.

Saa tatu akatokea Pasi, amevaa shati lililonyooka kuliko tabia yake. Pasi ni dobi. Chumba chake kinapakana na cha Spoku, ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyeombwa alfajiri ile amtegee mgonjwa sikio.

— Umemwachaje? Spoku aliuliza.

— Amelala, kaka. Na mzee Masijala yupo chumbani kwake, mlango wazi kabisa. Nikaona siwezi kukuacha upigane na watu hawa peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Spoku alitaka kusema kitu, lakini mlinzi akatoka kutangaza namba hamsini na tisa, naye akageuza shingo kusikiliza. Mpaka airudishe, Pasi alikuwa ameshashika kikombe na ameshaanza kutoa mhadhara.

— Mnajua kosa liko wapi? Liko kwenye kioo. Kioo kinene vile ni cha benki. Na kale katundu ka kuongelea, mmeona walikokaweka? Usawa wa kiuno. Ukitaka usikike lazima uiname, na mtu aliyeinama hawezi kugomba.

— Hilo kweli, Spoku alisema. Mimi pale naongea na mkanda wangu.

— Na wale wasichana wamesomea. Kuna kozi ya wiki mbili ya kutoinua macho. Siku ya mtihani wanaletewa mtu anavuja damu. Anayeinua macho, amefeli.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mama Birika akaitikia.

— Hiyo inaingiaje hapo, mama?

— Si hawasikii?

Pasi akamgeukia Spoku.

— Lakini na wewe ushukuru kwa vile kumi, kaka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kifafa hakina kibaba, Pasi.

Mama Birika akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Haikupita nusu saa, Masijala naye huyo anavuka barabara, miwani puani, karatasi mkononi imekunjwa mara nne. Huyu ni mstaafu, mpangaji wa nyumba ileile. Alitunza mafaili ya ofisi miaka thelathini na moja, na mpaka leo ukimwomba chumvi kwake anataka uandike.

— Nimeleta malalamiko, alisema kabla hajakaa. Nakala tatu. Moja ya kwao, moja ya kwetu, moja ya kumbukumbu.

Spoku akasogea kwenye benchi ampishe. Tusifiche, alifurahi. Siku nne alikuwa amesimama mbele ya kioo kile peke yake kama mwizi wa kuku, na leo amezungukwa na watu wake. Moyo ulimtulia, akasahau hata kilichokuwa kinamsumbua tangu Pasi alipofika.

— Cheti kimepotea, Masijala akatoa hukumu. Dawa ipo, karatasi ndiyo haipo. Sasa hawawezi kukuambia wameipoteza, kwa hiyo wanaikatia mtandao, wanaipeleka kikaoni, wanaipeleka kula. Faili halipotei, ndugu zangu. Hupotezwa. Mimi mwenyewe nimepoteza mengi.

— Mzee, unakiri hadharani? Pasi akauliza.

— Yalikuwa maagizo.

— Namba sabini na moja, mlinzi akaita.

Spoku alivuka nusu anatembea, nusu anakimbia, na milango ikamfungukia. Kwenye dirisha la tatu msichana alikuwa anaandika kitu, kichwa chini. Spoku akainama mpaka katundu kakawa mbele ya mdomo.

— Dada, vidonge vya kifafa. Vilibaki hamsini.

— Namba.

Akapitisha karatasi chini ya kioo. Msichana akairudisha.

— Hii ya njano ni ya kupokelea cheti. Ya kuchukulia dawa ni ya bluu.

— Mlinzi ndiye aliyenipa, alfajiri.

— Ulimwambia unachukua dawa?

— Hakuniuliza.

— Basi. Bluu ni pale kwenye mashine. Anayefuata.

— Dada, mgonjwa wangu hajameza kitu tangu jana asubuhi. Na boksi naliona. Lile nyuma yako, lenye mstari mwekundu.

Msichana aligeuka akalitazama boksi, kisha kwa mara ya kwanza katika siku zote tano akamtazama Spoku. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye naye hajakaa tangu asubuhi.

— Nikikupa bila ya bluu, kompyuta inaandika nimeiba, alisema polepole. Kachukue ya bluu, kaka. Samahani.

Samahani ile ndiyo iliyomkata maini. Matusi angejua la kuyafanya.

Alirudi kijiweni na karatasi ya bluu yenye namba mia na kumi na mbili. Za bluu walikuwa wamefika themanini na nne. Masijala aliikagua pande zote mbili.

— Rangi, alisema kwa heshima. Miaka yote ile sisi hatukuwaza rangi.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameshakaa mama mmoja mgeni, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na yeye ana ya bluu yake. Alinunua kahawa, akawa anakunywa na kusikiliza bila kumkatiza mtu.

— Mimi sasa nimeelewa, Pasi alisema. Zile namba si za kuita watu. Namba ndiyo dawa yenyewe. Unapewa, unaishika, presha inashuka. Kuna watu wanapona hukohuko kwenye foleni na wanakwenda zao.

— Na lile boksi ni tupu, Mama Birika akasema. Limewekwa kama picha ya ukutani. Tena ni moja tu, linazungushwa kwa pikipiki duka kwa duka, asubuhi huku, mchana kule.

— Haliwezi kuzungushwa bila kusainiwa, Masijala alipinga. Kila kituo lazima lisainiwe.

— Asaini nani? Pasi akasimama kabisa. Mfamasia? Haya, aliyewahi kumwona mfamasia anyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha.

— Mnaona sasa. Picha yake ipo, stashahada yake ipo kwenye fremu, mtu mwenyewe hayupo. Alikwenda kikaoni akafia hukohuko, na kikao bado kinaendelea.

— Sasa jana alisainije kama amekufa?

— Maiti mkono anao, mzee. Asichokuwa nacho ni haraka.

Spoku alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki nzima, na kilimtoka bila kumwomba ruhusa. Akaona aibu, akafuta macho kwa kiganja chenye grisi, halafu akacheka tena.

— Subira huvuta heri, Masijala alisema, na yeye anatabasamu.

— Kwa kamba ya urefu gani, mzee? Mama Birika akamuuliza, na kijiwe kizima kikaangua kicheko upya.

Yule mama mgeni alisubiri wamalize. Aliweka kikombe chini ya benchi.

— Samahani jamani. Nawasikia mnamtaja mgonjwa wa kifafa. Ni nani?

— Mke wangu, Spoku alijibu.

— Pole sana, baba. Na sasa hivi yuko na nani?

Spoku akamgeukia Pasi, na Pasi akamgeukia Masijala.

— Mzee, mimi nilikuacha pale nyumbani. Mlango wako ulikuwa wazi.

— Hukuniambia kitu, Masijala alisema, na miwani aliivua. Mimi nilipotoka nilisikia redio yako inaimba ndani. Nikajua umo.

— Redio yangu sijawahi kuizima.

— Mimi niko hapa tangu alfajiri, Mama Birika alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Nilijua Pasi yupo. Halafu Pasi alipokuja nikajua mzee yupo.

— Na vyumba vingine? Spoku akauliza.

— Wameenda kazini wote, Masijala alijibu.

Mama mwenye bandeji aliwatazama mmoja mmoja, bado anangoja. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye mgonjwa huulizwa, na alidhani atajibiwa.

Spoku hakuweza kumlaumu mtu. Walikuja mbele ya macho yake, mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika mmoja yeye mwenyewe alisogea akampisha akae. Alitoa simu mfukoni ikamponyoka, akaiokota chini karibu na jiko, akabonyeza jina la mkewe.

Mkewe hana kawaida ya kuiacha simu iite. Hulala nayo chini ya mto, hupokea kabla haijaita mara ya tatu, na neno lake la kwanza huwa ni kwamba hajafa bado, acha wasiwasi, fanya kazi.

Iliita mara tatu. Iliita mara sita. Ikakatika yenyewe.

— Labda amekwenda kuoga, Pasi alisema.

Spoku alipiga tena, akaanza kutembea kuelekea sokoni, kisha akakimbia, katikati ya barabara, magari yanampigia honi, na simu ameibana sikioni inaita.