Mama Debora wa Barafu na Kaka Aliyeruka kwa Jina la Mtu

Baada ya miaka thelathini na sita ya kutengeneza baridi katika mji wa joto, Mama Debora Kwangu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kiwanda chetu cha barafu hapa Kitaji kinabaki na mashine zake, meneja wake na mimi. Kazi ya kuandika wasifu huu nilipewa baada ya karani kuandika wa kwanza, ukawalaza watu wawili kabla ukurasa haujaisha. Shule niliishia njiani, sikatai, lakini kalamu ninayo, na mkifika chini mtakubali wenyewe.

Mama Debora aliingia hapa mwaka 1989 akiwa binti mwembamba wa Buhare. Picha ipo, msibishane. Kazi yake ilikuwa kubeba barafu kutoka chumba cha baridi hadi kwenye magari ya samaki, na wanaume waliompokea walisema hatamaliza wiki. Wote wameshaondoka, yeye ndiye amewaaga. Akawa mwendesha mitambo, akawa msimamizi wa zamu, mwishowe msimamizi mkuu wa uzalishaji. Anavaaga sweta jekundu hata mchana wa Februari, na madereva wa njia ya Mwanza wanajua kwamba ukipita mbele ya sweta hilo bila kusalimia, gari lako litapakiwa la mwisho. Mimi ndiye mpakiaji. Nimewaona wakijifunza adabu mmoja mmoja.

Kubwa aliloanzisha ni barafu ya msiba. Familia iliyofiwa, inayosubiri watoto wafike kutoka mbali, inakuja getini na kupewa bure barafu ya kumhifadhia marehemu. Mameneja wanne walijaribu kuufuta utaratibu huo na wote wanne walishindwa. Huyu wa tano ana akili, hajajaribu. Tulidhani ni huruma tu. Baadaye tukajua kwamba kwao kulikuwa na msiba ambao haukuwahi kupata siku yake.

Kaka yake mkubwa, Masatu, aliondoka nyumbani Debora akiwa bado hajaanza shule. Akaenda jeshini, na habari zilizofika Buhare zilisema anarusha ndege. Vita vya Kagera vikaja, vikaisha, vijana wengine wakarudi. Masatu hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema lolote. Sasa kwao jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, ili lisipotee. Lakini mama yao, Bibi Dafroza, ambaye leo anagonga miaka tisini, alikataa katakata. Hawezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye labda yuko hai mahali fulani, na maneno ya kusikia hayataki. Alitaka aletewe mtu mmoja tu aliyemwona Masatu akiruka na aliyemwona akizikwa.

Wajukuu wakazaliwa, wakaitwa majina mengine. Mwishoni mwa mwaka jana Mama Debora akapata mjukuu wa kiume, na bibi akasema huyu ndiye, asipewe jina lolote mpaka yeye ajibiwe. Mtoto akakaa wiki, akakaa miezi, anaitwa Mgeni. Mama yake akaanza kununa. Bibi naye alikuwa anadhoofika, chakula hakipiti vizuri. Mama Debora alituambia wazi kwamba hofu yake ni moja, mama yake asije akaondoka bila jibu.

Likizo zake zote ziliishia kwenye jambo hilo. Sisi tukipewa likizo tunaendaga kulala, yeye alizunguka kwa wastaafu wa jeshi kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Alifika mpaka Bunda kwa Mzee Masanja, ambaye wakati wa vita alikuwa fundi wa ndege na sasa anafuga kuku. Jibu lilikuwa lile lile la kila mahali: rubani anayeitwa Masatu hawamjui. Mzee Masanja alimweleza kwa upole kwamba marubani hawakuwa wengi kiasi cha kumsahau mmoja. Alirudi kazini na jogoo wa zawadi, na uso ambao hata mimi sikuthubutu kuutania.

Sasa sikilizeni habari ya gambuti. Siku ya kugawa gambuti mpya, afisa utumishi huita majina nasi tunajipanga. Akaita Hamduni. Akasimama Kudura. Kila mwaka ndivyo inavyokuwa, kwa sababu Kudura alirudia darasa la saba kwa jina la kijana mwingine aliyeacha shule, na cheti kikatoka hivyo. Mshahara unaitwa Hamduni, mtu anaitwa Kudura, tumezoea. Kudura, usininunie, hata mlinzi anajua. Mama Debora naye alikuwaga amezoea, lakini safari hii alibaki ameshika kikombe hewani, chai inapoa.

"Wewe mwanangu," akamuuliza Kudura, "ukipatwa na jambo leo, hawa watapeleka taarifa kwa nani?"

Kudura akacheka. Akasema wataenda kwa kina Hamduni kule Kamunyonge, na watamkuta Hamduni mwenyewe barazani anakaanga vitumbua, wamuulize maiti iko wapi. Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Mama Debora alikuwa amekumbuka kwamba Masatu alifeli darasa la saba, akapelekwa kwa mjomba wao Butiama kurudia.

Jumamosi tukaenda Butiama: yeye, Kudura kama mtaalamu wa fani, na mimi kama mtu mwenye akili. Mjomba alishafariki, ila majirani hawakutusumbua. Tulipouliza Masatu alirudia darasa kwa jina la nani, walituelekeza kwa Alfonce Matiko, mzee wa mihogo mingi na maneno mengi zaidi, ambaye kijiji kizima humwita Rubani kwa kumkejeli. Miaka yote ametamba kwamba jina lake limewahi kurusha ndege, na miaka yote wamemcheka. Alipoacha shule akachunge ng'ombe wa baba yake, jina lake lilibaki darasani, na Masatu akalikalia. Alikumbuka pia askari wawili waliofika vita vilipokwisha, wakiulizia nyumbani kwa Alfonce Matiko. Baba yake, akidhani wamekuja kumchukua kijana, alimficha kwenye ghala la mtama na kuwaapia kwamba hapo hakuna mtu wa jina hilo. Askari wakageuza gari. Msiba wa Buhare ulifika Butiama, ukafukuzwa mlangoni.

Hapo hapo tukakimbilia Bunda. Mama Debora alipotaja jina la Alfonce Matiko, Mzee Masanja alisimama, pumba za kuku zikamwagika miguuni.

"Alfonce alikuwa rubani wangu," alisema. "Mbona ulikuja kuniulizia mtu mwingine, mwanangu?"

Ukoo wao ulikuwa unajigamba kwamba Masatu alirusha ndege ya mabomu. Si kweli, na ukweli ni mtamu zaidi. Alirusha ndege ya mizigo: mchele na dawa kwenda, majeruhi kurudi. Safari ya mwisho ndege ilianguka kwenye mvua kubwa, akiwa anarudi kuwachukua waliobaki. Mzee Masanja alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Mama Debora alilia pale pale katikati ya kuku, akajifuta uso, kisha akamwamuru mzee avae viatu.

Buhare, Bibi Dafroza hakumpokea mgeni kwa kilio. Alimkalisha, akampa sato na ugali, akamwacha ale mpaka mifupa. Ndipo akamuuliza swali moja: huyo rubani wake alikuwa anachekaje? Sisi mlangoni tulitazamana. Mzee Masanja alifikiri kidogo, kisha akamwigiza: akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, yakatikisika sana, bila sauti yoyote kutoka.

Bibi alimtazama mpaka mabega yakatulia.

"Leteni Masatu nimpakate," akasema.

Mtoto akaletwa. Sherehe iliyofuata siielezi, kwa sababu meneja alikuwepo na alicheza. Bibi sasa anakula, anagomba, anadai asafirishwe kwenda kuliona kaburi la mwanawe, na familia itampeleka mwezi wa nane. Alfonce Matiko ameshasema gari haliondoki bila yeye, maana si kila mtu anapata bahati ya kuweka shada kwenye kaburi lenye jina lake mwenyewe. Butiama hawamcheki tena. Wanampigia saluti, naye anazipokea zote.

Mama Debora, wafanyakazi wote wa zamu zote tunakushukuru kwa kutulea, kutukaripia na kutufundisha kwamba mtu wa kwenu hatafutwi mara moja tu. Nenda nyumbani upumzike. Tunakuombea miaka mingi ya kusimama mlangoni jioni, uite Masatu aje kula, na Masatu aitike.

Chrispin, Kitengo cha Upakiaji