Kaka Yetu Rula, Aliyepima Samaki Tuliomwonyesha

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma historia ya kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Rula, kwa sababu ya ule ubao wa sentimita aliokwenda nao hata harusini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa baba mvuvi na mama mshona nyavu, akamaliza sekondari mwaka 1975, na kuhitimu chuo cha uvuvi tarehe 2 Desemba 1978.

Tarehe 15 Januari 1979 aliajiriwa kuwa mpimaji kwenye mnada wa samaki, katika kibanda cha bati chenye dirisha moja, akipima urefu wa samaki kabla hawajauzwa, maana alisema wakizidi kuwa wafupi ujue bahari imechoka.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1984 na shemeji yangu, mwalimu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao kila mwaka aliwapima kimo kwa ubao ule ule, ingawa mdogo alilalamika kwamba unanuka.

Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe yakafa, na marehemu akaiomba ofisi ya uvuvi ipumzishe miamba, isivuliwe kwa muda, na kuzuia nyavu za matundu madogo, lakini vipimo vyake mwenyewe vilionyesha samaki wakubwa kama zamani, hivyo ombi likatupwa, boti zikaongezwa, na baada ya miaka minne hapakuwa na cha kupima. Watu walisema Rula hajui kupima, naye akaamini, akastaafu mapema, tarehe 30 Juni 2003.

Hapa naongeza jambo ambalo familia haikuliandika. Samaki wadogo sisi wavuvi tuliwapitisha mlango wa nyuma wa mnada, kwenye ndoo zilizofunikwa magunia, kabla hajafungua kibanda, na aliyeanzisha mtindo huo ni mimi, mdogo wake, kwa kuogopa kwamba miamba ingefungwa tukakosa pa kuvua. Joto liliijeruhi bahari, sisi tukaimalizia, lawama akabeba yeye.

Alianza kuugua figo Agosti 2021, akafariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla, aliniuliza kitandani alikosea wapi kupima, nami, kwa woga wangu, nikamwambia apumzike tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka hospitali kila wiki bila kuchoka, na wafanyakazi wenzake, ambao nawasihi waache kumcheka.

Kaka, hukukosea popote. Sasa pumzika kwa amani.