Labiba Tanyus, Fundi wa Pancha wa Nazlat Tadrus (1953–2019)

Haya yanasomwa katika misa ya arobaini ya marehemu, na Malak Shafik, mtoto wa shemeji yake. Maneno ni ya mumewe, Wanis Bakhum. Yeye hajui kusoma wala kuandika. Ameyasema, yakaandikwa. Siku ya maziko karatasi ya tanzia ilisema marehemu alikuwa mke wa fundi Wanis. Hapo pana kosa, na kosa hilo ni la Wanis mwenyewe.

Labiba alizaliwa Abu Kurkas, siku ya tisa ya mwezi wa Amshiri wa kalenda ya Kikopti, mwaka 1953, siku ya upepo wa vumbi. Baba yake, Tanyus Girgis, alikuwa akiziba pancha za baiskeli karibu na stesheni ya treni. Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Alimpa mabinti wanne, na Labiba alikuwa wa mwisho.

Alisoma shule ya kanisa miaka mitatu. Alijua kusoma zaburi na kuandika jina lake. Kisha macho ya baba yakaingia ukungu, akamtoa shule awe macho yake. Mzee alishika tyubu, binti alitazama mapovu kwenye beseni. Baadaye mzee hata kushika aliacha. Labiba alipofika miaka kumi na miwili, pancha za stesheni nzima zilikuwa zake.

Alifunga ndoa na Wanis tarehe 10 Novemba 1974, siku ya Jumapili, kabla ya mfungo wa Krismasi kuanza. Wanis alikuwa kibarua wa kukata miwa hapa Nazlat Tadrus. Walijaliwa mabinti wawili, Demiana na Hilana.

Mwaka 1989 Wanis alikatwa na panga mguuni, miwa ikamshinda. Wakati huo pikipiki zilikuwa zimeanza kujaa kijijini. Labiba akamwambia mumewe, "Baba Demiana, kazi ipo, nami naijua." Naye Wanis aliogopa watu. Kijijini kwetu mwanamke hakai barabarani na wanaume wakimtazama mikono. Basi wakatundika blanketi mlangoni. Nje ukaandikwa ubao: Wanis, Pancha na Matairi. Wanis alijifunza kufungua gurudumu na kulirudisha. Gurudumu likiingia nyuma ya blanketi, lilikuwa mikononi mwa Labiba. Likitoka, lilikuwa zima, na shukrani zilikuwa za Wanis.

Miaka thelathini.

Walikuwa na lugha yao. Labiba akikohoa mara moja, tyubu inazibika. Akikohoa mara mbili, imeoza, mwenye nayo akatafute mpya. Wanis alikuwa akikaa kwenye kigoda, anapandisha nyusi, anatoa hukumu. Padri alipoleta pikipiki yake mara ya tatu katika mfungo mmoja, alimuuliza kwa nini huwa hafanyi kazi hadharani kama mafundi wengine, au kafuga jini huko ndani. Wanis akajibu, "Jamaa wapo ndani, baba." Ndivyo wanaume wa huku tunavyowataja wake zetu, jina halitoki mbele za watu. Padri akasema, "Basi hao jamaa zako wapeleke hospitali, wanakohoa mno." Siku ile Labiba alicheka mpaka akaketi chini.

Wanawake wa kichochoro walijua wote. Hakuna aliyesema.

Alikuwa mkali kwa kazi moja tu. Hakuziba tyubu kabla ya kupitisha vidole ndani ya tairi, pole pole, mzunguko mzima, kutafuta kilichotoboa. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya misumari na miiba. Alikuwa akisema ukiziba ukaacha mwiba ndani, umemdanganya mwenye pikipiki mpaka kona ya kwanza. Wanis aliyasikia hayo mara nyingi, kama mtu anavyosikia mahubiri.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2016. Tumbo lilijaa maji, miguu ikavimba. Aliendelea kuziba hadi Krismasi iliyopita.

Jumanne tarehe 5 Machi 2019, siku ya pili ya Mfungo Mkuu, alitapika damu asubuhi. Daktari anayetazama tumbo kwa kamera, akaziba mishipa inayovuja, huja hospitali ya mjini Jumanne tu, na huondoka saa sita. Gari halikupatikana. Malak, huyu anayesoma, akaleta pikipiki yake. Walimweka Labiba katikati, Wanis nyuma akimshika. Ilikuwa saa tatu na nusu. Muda ulikuwa unatosha.

Njia ya mfereji ina migunga yenye miiba. Kabla ya daraja la kwanza gurudumu la nyuma likalegea. Malak alishuka akatazama, akasema, "Bahati yetu, ami. Pancha imetupata tukiwa na fundi." Akatoa vifaa chini ya kiti: spana, vyuma vya kubandulia tairi, pampu, msasa, gundi, na kiraka kimoja.

Walimlaza Labiba kwenye majani, kichwa juu ya koti. Wanis akafungua gurudumu, hilo alilijua. Akatoa tyubu, akaitia mferejini, akaona mapovu. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi. Labiba alikuwa akimtazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja ikauke." Akangoja. Kisha akasema, "Baba Demiana, pitisha vidole ndani."

Malak akacheka. "Mama, leo unamfundisha Ami Wanis kazi yake?"

Wanis akasema, "Tulia, mama. Kazi yangu naijua."

Malak asijilaumu. Alicheka kwa alichokijua, na alichokijua alifundishwa na Wanis.

Walibandika kiraka, wakarudisha tyubu, wakajaza upepo, wakaondoka. Daraja la pili hawakulifikia, upepo ukaisha tena. Safari hii kiraka hakikuwepo, na gundi ilikuwa imekwisha. Wakakaa pale. Trekta la miwa likawachukua, na trekta la miwa haliendi mbio. Walifika hospitali saa saba na dakika kumi. Daktari wa kamera alikuwa ameondoka. Labiba akaandikiwa Jumanne iliyofuata.

Alipewa kitanda, damu na maji ya mshipa. Siku ya Alhamisi alikuwa na nguvu kidogo, akauliza, "Ulipitisha vidole?"

Wanis akasema, "Nilipitisha."

Akasema, "Basi ulikuwa mwiba mwingine. Njia ile ina miiba mingi." Akamshika mkono, akamwambia asijisumbue.

Ijumaa tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, damu ilirudi na haikusimama. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alizikwa siku ile ile, makaburi ya ng'ambo ya mfereji.

Wiki moja baada ya maziko alikuja mtu wa kijiji cha pili na gurudumu. Wanis akalipokea, akaingia nalo ndani kama siku zote. Akasimama. Kisha akatoka akamrudishia, akamwambia fundi amefariki. Yule mtu akamtazama. "Fundi si wewe, ami?" Wanis alimwambia hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo wake. Mtu yule hakuamini, akadhani ni uchungu wa msiba, akampa pole, akaenda zake na gurudumu lake.

Marehemu ameacha mume, Wanis Bakhum, mabinti wawili, Demiana aliyeko Iskandaria na Hilana aliyeko hapa, wajukuu watano, na dada mmoja, Tafida. Hakuna aliyejifunza kazi yake. Hilana aliomba akiwa msichana, na baba yake alimkatalia.

Malak alikuja kulifungua tairi lile la pikipiki yake. Tyubu ina matundu mawili, yamepishana upana wa kidole.

Bwana amweke Labiba Tanyus kwenye malisho mabichi, kando ya maji ya raha. Na kama huko walioondoka husikia yanayosemwa huku, basi asikie: mwiba ulikuwa ule ule mmoja.