Agustino na Ngao ya Mama Loyce

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Agustino Haule anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kufunga mizigo katika stoo yetu ya mtaa wa Guangyuan Xilu, hapa Guangzhou, China.

Kila mzigo uliotoka hapa kwenda bandari ya Nansha ulipita mikononi mwake, naye aliuandika jina la mteja na mji wake kwa maka peni nyeusi, herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Marobota ya jinzi ya mteja wa Singida yalipotea mwaka wake wa kwanza, na tangu hapo hakuamini kitu kisicho na jina. Jamani, aliandika jina la mteja mpaka kwenye jiko letu la umeme la kupikia wali! Likapakiwa, likafika Dar es Salaam, sisi tukashindia mikate.

Lakini kubwa kuliko yote ni ile picha. Mama Loyce, mjane mwenye ukumbi wa sherehe Njombe, alichorewa hapa Guangzhou nakala ya picha kubwa ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, iliyotokana na hekaya ya kale zaidi: shujaa aliyevaa chuma amepiga magoti mbele ya binti mfalme, joka limekufa pembeni. Ilipita mlangoni kwa kulazwa ubavu.

Wengine huandika kwenye karatasi ya kufungia. Agustino haamini karatasi, maana huchanika. Akaizunguka picha akitafuta nafasi; kote kumejaa maua, nywele na magamba. Ngao tu ndiyo ilikuwa tupu. Akaandika: LOYCE – NJOMBE. Mpaka leo anashikilia kwamba iliachwa wazi makusudi.

Laoban, yaani bosi wetu, nusura azimie. Wino haukufutika na kontena lilikuwa linaondoka jioni ile. Akaamuru tunyamaze; mteja akiikataa picha, Agustino hana kazi. Agustino alikuwa na watoto watatu shuleni. Hata hivyo alimpigia Mama Loyce kwa video, akamwonyesha ngao, akaomba radhi huku jasho likimtiririka. Sisi tulijifanya tunahesabu marobota.

Mama Loyce akasema, "Iache hivyo hivyo, kaka. Mume wangu alipofariki, mashemeji walibeba kila kitu, wakisema hakuna chenye jina langu."

Kazi ikapona, picha ikasafiri.

Kaka Agustino, tunakushukuru kwa moyo wote. Ukapumzike salama Songea, na maisha yako yawe mema. Ila pita Njombe kwanza, Mama Loyce atakupikia. Wiki hii ametuambia jambo ambalo hukuwahi kulisikia: mashemeji walirudi na lori kuichukua picha, wakaisoma ile ngao pale ukumbini mbele ya harusi nzima, wakaondoka na lori tupu.