Marehemu Bi. Shigeno Hirasawa, Aliyeachwa Manchuria

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mama yetu, marehemu Bi. Shigeno Hirasawa alizaliwa tarehe 3 Machi 1932 katika kijiji cha milimani mkoani Nagano, Japani, mtoto wa pekee wa mzee Tokumatsu na Bi. Kinu, wafugaji wa viwavi wa hariri.

Alianza shule mwaka 1938, akafundishwa kuinama kuelekea ikulu ya Mfalme kabla hajajua kujumlisha, na mwaka 1940, bei ya hariri ikiwa imeanguka, wakubwa wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakiahidi ardhi tupu Manchuria, nchi ambayo jeshi letu la Japani lilikuwa limewanyang'anya Wachina, familia ikahama. Ardhi haikuwa tupu. Walikabidhiwa nyumba ambayo jiko lake lilikuwa bado la moto, na mtoto alipouliza, "Baba, wenyewe wako wapi?" aliambiwa, "Nyamaza, ule."

Julai 1945 baba aliitwa jeshini, hakurudi. Mwezi uliofuata Warusi walipovamia, maofisa wa jeshi lile lile lililoapa kuwalinda waliwapandisha treni wake zao na mizigo yao, wakalipua madaraja nyuma yao, wakawaacha wanawake, wazee na watoto watembee. Bi. Kinu alifariki kwa homa na njaa katika kambi ya wakimbizi ya Fangzheng, Desemba mwaka huo.

Aliyemwokota mama ni mzee Luan, mkulima wa Kichina aliyefukuzwa shambani kwake na walowezi wetu. Jirani alimfokea, "Unalisha mtoto wa wezi?" naye akajibu, "Wezi wameshakimbia. Huyu ana njaa."

Mwaka 1953 aliolewa na Shouyi, mwana wa mzee huyo, wakajaliwa watoto wawili, mimi Guoping na dada yangu Yulan, akafanya kazi katika kiwanda cha matofali huko huko hadi mwaka 1978 aliporudi Japani pamoja nasi, akakuta serikali ilishamwandika kuwa amekufa.

Mwaka 1983 kijiji chake cha kuzaliwa kilizindua mnara wa kuwasifu "mashujaa waliofungua ardhi mpya", akaitwa kuweka maua, akashika kipaza sauti: "Baba yangu hakuwa shujaa. Alidanganywa, akakalia shamba la mtu, akafa, na waliomdanganya wakazeeka kwa pensheni. Andikeni hivyo!" Wakamzimia kipaza sauti. Akamalizia bila hicho.

Aliugua kansa ya mapafu mwaka 2007, akafariki tarehe 19 Novemba 2009. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa zamani wa kiwanda cha matofali waliotuma rambirambi, na wajukuu wa mzee Luan waliosafiri kutoka Fangzheng.

Pumzika, mama. Ulisema, na sisi tulisikia.