Bustani ya Fidele Isiguswe

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, naitwa Jovitha, mdogo wake marehemu, na kabla sijasoma naomba mliosimama kwenye ile mimea ya mujaja, mrehani wetu wa kienyeji, mrudi nyuma, hapo hapakanyagwi.

Dada yetu Anonciata Nyirabageni alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa Kanoni, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, akafanya kazi ya kulea miche ya kahawa kwenye kitalu cha misheni, na tarehe 22 Julai 1972 akafunga ndoa na Polikarpi Sebahire, mkulima, wakajaliwa Eustadia, Mbonimpa, na Fidele aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1978.

Fidele hakusema, hakutaka kushikwa, kelele kidogo tu alijipigiza kichwa ukutani, na maneno ya watu, jamani, mliyoyasema mnayajua wenyewe, hadi daktari mmoja wa Bukoba alipomweleza dada kuwa mtoto ana usonji, hakurogwa, wala hakuna dawa ya kumeza. Dada akarudi akachukua jembe. Mwaka 1984 aling'oa mibuni nyuma ya nyumba, wazee wakapandisha hasira, mwanamke gani anang'oa kahawa, naye akawajibu kwamba kahawa ina mahali pengine, mtoto wake hana.

Alianza kwa kukosea, akaning'iniza makopo kama yale tunayofukuzia ndege, akidhani mlio utamfurahisha, Fidele akatoroka, akapatikana jioni kijiji cha Chonyonyo. Dada akayashusha yote, akaanza kumfuata mtoto nyuma nyuma, anachonusa akakipanda, anachokikwepa akakiondoa, mchaichai, mujaja, mchanga laini wa kukanyaga, maji yanayodondoka kutoka kwenye kibuyu, na njia ya duara, ili anayekimbia ajikute amerudi. Humo, mwaka 1989, Fidele alimshika mama yake mkono kwa mara ya kwanza. Bwana Gharib na mkewe Zuleha, wenye duka Bugomora, wakamleta binti yao Adija, naye ana usonji, dada akaenda kuwapangia bustani yao, na wengine baada yao, ila alikataa katakata kunakili ya Fidele, kila mtoto na yake.

Januari 1995 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akafariki nyumbani tarehe 11 Juni 1996. Desturi yetu ni kuzikwa kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiyo bustani, lakini dada alikataza kaburi kuchimbwa humo, kwa kuwa Fidele akikuta kitu kimebadilika huteseka mno. Wazee mmekasirika, naona nyuso zenu, shemeji Polikarpi ameshasema na imekwisha, kaburi liko kule chini, kwenye mibuni aliyoipanda badala ya ile.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wazazi wa Bugomora waliokesha nasi. Fidele msimvute kaburini, yuko kwenye njia yake, anazunguka, na kila akifika kwenye kibuyu anasimama na kunyoosha mkono pembeni, pale mama yake alipokuwa akiushika. Pumzika kwa amani, dada, hatujahamisha kitu.